Ngozi ya Kabula

Lori lilifika Mwanhumbi mvua ikinyesha, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kikao cha kutafuta jina. Mtoto wa kike anayezaliwa wakati wa mvua Wasukuma humwita Kabula, na lori lile lilipokelewa kama mtoto kweli: vigelegele, unga wa mtama kwenye boneti, na wanaume wakilizunguka na kulipapasa ubavuni kana kwamba wananunua ndama. Lilikuwa jipya, jeupe lenye mstari wa buluu. Lilitoka ng'ambo kwa meli, likapanda treni, mwisho likaja kwa magurudumu yake mpaka Bariadi pamoja na wenzake wawili. Mmoja alipelekwa Kasoli, mwingine Nyashimo. Tangu siku hiyo, mtu aliyesema "lori" pale Mwanhumbi alijulikana kuwa ni mgeni.

Dereva alikuwa Gharib, kijana wa mjini Bariadi, mtoto wa mzee Athumani mwenye duka. Kijiji hakikuwa na mtu mwenye leseni, na Gharib alikuwa nayo, tena hakunywa pombe. Mwanamume asiyekunywa pombe hutiliwa shaka kidogo pale Mwanhumbi, lakini kwa dereva waliona wamsamehe kasoro hiyo. Utingo wake alikuwa Nkinda, mtu mzima mwenye ndevu zake, bingwa wa ngoma, ambaye baada ya mavuno watu walitoka mbali kuja kuiangalia miguu yake tu. Urafiki wao ulikuwa wa kutukanana safari nzima. Nkinda alimwita mwenzake "bwana ubani", Gharib naye akamwita "mzee wa togwa", na pamba ya kijiji ilifika kiwandani bila kuchelewa.

Halafu ukaja mwaka wa kufungwa maduka. Amri ilisema biashara sasa ni ya ushirika, na mwenye duka lake binafsi ni mnyonyaji. Mzee Athumani alifunga mlango wa duka, akakabidhi funguo, akaingia chumbani na hakutoka tena, hata kwenda msikitini. Gharib aliendelea kuendesha. Alikuwa na hasira, ila hakujua aipeleke wapi, maana amri haina shavu la kupigwa kofi.

Katikati ya msimu wa pamba, asubuhi kweupe, Kabula alikuwa akishuka mteremko wa mtoni amejaa magunia mpaka juu. Ghafla usukani ukawa mwepesi. Gharib aliuzungusha, ukazunguka tu kama mfuniko wa sufuria, na magurudumu ya mbele yakaenda yalikotaka. Kabula akaacha barabara, akapanda kichuguu, akalala ubavu. Gharib alitoka na michubuko. Nkinda, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, alikutwa chini ya ubao wa pembeni akiwa amevunjika mguu wa kulia. Hospitali walifanya walivyoweza. Mguu ulipona, lakini ukawa mfupi, na goti halikukunjika tena.

Watu hawakuhitaji kufikiri sana. Duka la baba limefungwa, mtoto kaangusha lori la kijiji. Neno la miaka ile lilikuwa tayari ulimini mwa kila mtu: hujuma. Na mhujumu hakusuluhishwa barazani kama mwizi wa kuku. Alipelekwa gerezani, na jina la ukoo wake likaenda pamoja naye.

Jambo lililomtesa Gharib kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Aliukumbuka usukani ukizunguka bure. Lakini alikumbuka pia kwamba alipoanza kushuka ule mteremko alikuwa akimfikiria baba yake, amelala mchana kutwa akiutazama ukuta, na kwamba kifua kilikuwa kinamwaka. Je, kama alichelewa kukata kona? Je, kama mkono ulifanya kitu ambacho moyo ulikuwa unakitaka kimyakimya? Alijiuliza hivyo akila, akajiuliza akiswali.

Fundi mkuu wa magari wa wilaya aliitwa Januarius. Alikuwa mtu mkali na wa haki, aliyeisomea kazi yake na kuipenda. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa safarini Shinyanga, akachelewa kuja. Alipofika mtoni na Land Rover yake alikuta fremu tupu imelala majanini, na pembeni yake ng'ombe wanakula.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Mwenyekiti wa kijiji, Ngeleja, alijikuna shingo. Ukweli ni kwamba Mwanhumbi walikuwa wamefanya kile wanachofanya siku zote ng'ombe wa jamii akianguka: waligawana. Hakuna aliyeona kwamba anaiba. Marehemu ni wa wote, na kila nyumba ina fungu lake. Wakaja na spana na mapanga, wakaimba, wakagawa kwa ukoo.

"Mmemchuna," alisema Januarius. "Sikilizeni. Usukani haushiki gurudumu wenyewe. Katikati kuna mkono wa chuma, na huo mkono siuoni. Ningeuona pale ulipovunjikia ningewaambia yote: kama ulikatwa kwa msumeno, kama ulivunjwa na kichuguu, au kama ulizaliwa mbovu. Bila huo, nitakachoandika ni hiki tu ninachokiona. Gari lilikuwa jipya, barabara kavu, na dereva ndiye aliyelishika."

Benedikta, mke wa Nkinda, alipenya katikati ya watu. Alikuwa na mdomo ambao hata ng'ombe wakaidi waliuheshimu.

"Mimi sijui mambo ya mikono ya chuma," alisema. "Ninachojua, kwetu mtu akikukabidhi ng'ombe wake umchungie, akikufia unampelekea ngozi. Mwenyewe anaitazama. Kama kaliwa na fisi, itaonekana. Kama aliugua, itaonekana. Huna ngozi, basi wewe ndiye uliyemla. Haya, Gharib, tuliyekukabidhi Kabula, ngozi yake iko wapi?"

Watu waliguna, na wengine wakatazama chini, maana ngozi ya Kabula ilikuwa majumbani mwao. Ngeleja akasema mkutano utakaa baada ya gulio, katika ghala la pamba, na fundi atakuja na taarifa yake.

Gharib alianza kupita nyumba kwa nyumba. Alisalimia "mwangaluka" mpaka mate yakamkauka. Kiti chake cha udereva alikikuta uani kwa Ngeleja mwenyewe, mwenyekiti anakalia akisikiliza redio. Kioo cha pembeni kilikuwa kwa wasichana wa ukoo wa Mhoja, wanasukiana nywele mbele yake, na walikikumbatia walipomwona. Wavu wa mbele ulikuwa mlango wa banda la kuku, na kuku walionekana kuridhika nao. Jilala, mhunzi, alikuwa ameshageuza springi moja kuwa majembe, akamwonyesha kwa fahari yanavyong'aa.

"Na mkono wa usukani?" Gharib aliuliza kila mahali. "Chuma kirefu hivi, mwishoni kina kichwa cha mviringo."

"Cha mviringo? Hapana, bhabha. Sisi tulipata taa."

Wengine walimjibu kwa huruma. Wengine walifunga mlango kabla hajamaliza. Jilala alikumbuka kwamba kipande kimoja kama hicho, kile kilichobaki kimeshikana na gurudumu, alikiingiza motoni pamoja na vyuma vingine, na sasa hata yeye hawezi kujua kimekuwa jembe la nani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nkinda, na miguu ya Gharib ilikuwa mizito kuifikia. Nkinda hakuwa nyumbani. Kwa kuwa hakuweza tena kulima, kijiji kilikuwa kimempa kazi ya kugonga kengele ya kuwaita watu kwenye shamba la ujamaa. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya Kabula, imening'inizwa kwa mnyororo nje ya ghala. Gharib alimkuta amekaa chini yake kwenye kigoda, shuka imemfunika mapaja, mguu mbovu umenyooshwa mbele kama kitu kisicho chake.

"Mwadila, Nkinda."

Nkinda hakuitikia. Kwa Msukuma kunyima salamu ni jambo zito kuliko tusi, na Gharib aliyekwisha kukaa nao miaka alilijua. Alivua kofia. Alitaka kusema pole, lakini pole ya mtu asiyejua kama ana kosa au hana haisemeki. Mwisho akaondoka bila kuuliza habari ya chuma chochote. Siku ile alirudi mjini akamwambia mama yake, Bimdogo, amwekee tayari shuka ya kwenda nayo jela.

Siku ya mkutano ghala lilijaa. Watu walikaa juu ya pamba, jambo lililokatazwa, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka kukataza. Januarius alikuwa ameketi na mwenyekiti. Gharib aliwekwa mbele, akitazama mlango uliokuwa wazi. Bimdogo alikuwa nyuma na wanawake wa mjini, midomo yao ikisoma dua.

"Nkinda, gonga waingie waliobaki," alisema Ngeleja.

Nje, Nkinda alijiinua kwa fimbo. Akanyoosha mkono, akagonga. Rimu ililia, ngoo, ngoo, na Gharib aliyekuwa akiitazama bila kuiona, safari hii aliona kinachoigonga. Kilikuwa chuma kilichovishwa ngozi ya ng'ombe upande wa kushikia. Upande wa pili kilikuwa na kichwa cha mviringo. Kila Jumamosi, tangu Kabula afike, Gharib alilala chini yake mgongoni na kukipaka grisi kichwa kile kwa kidole. Asingekikosea hata gizani.

Alisimama. Mgambo wakamshika mabega, wakidhani anakimbia.

"Nkinda!" aliita. "Hicho unachogongea umekitoa wapi?"

Nkinda aliingia akichechemea, akakitazama chuma mkononi mwake, halafu akamtazama Gharib. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya mtoni.

"Walipogawana Kabula nilikuwa hospitali," alisema. "Niliporudi nikakuta fungu langu limebaki hili. Hakuna aliyelitaka. Lilikuwa linanikata kiganja, nikalivika ngozi."

"Ndilo hilo," alisema Gharib. "Ndilo mkono wa usukani."

Januarius aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Benedikta akamwahi. "Usimpe mtu, Nkinda! Wakikichukua hicho watasema wanavyotaka, na wewe utabaki na mguu wako!"

Hakuna aliyemsogelea. Hata Ngeleja alijua kwamba fungu la mtu ni la mtu, na hili lilikuwa la yule aliyelipia kuliko wote. Nkinda alikishika chuma kifuani. Gharib alimtazama, akahisi huruma iliyomshinda hata hofu.

"Bwana ubani," Nkinda alisema taratibu. "Nikivua hii ngozi, tukakuta umekata kwa msumeno?"

"Utakuwa umejua," Gharib akajibu. "Na mimi nitakuwa nimejua. Mimi mwenyewe sijui, Nkinda. Nimechoka kutokujua."

Nkinda akauma fundo la ngozi kwa meno. Ngozi ilikuwa imekauka na kukaza, ikabidi avute mara kadhaa. Ilipofunguka, alimpa Januarius chuma kwa mikono miwili.

Januarius alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa imekitunza vizuri: hakikuota kutu, wala hakikugongwa upande ule. Alikigeuza muda mrefu. Kisha akamwita Nkinda aangalie kwanza, halafu Benedikta, halafu Ngeleja.

"Hapa pembeni, mnaona panang'aa? Hapo ndipo kilipovunjika siku ile. Ni ganda tu. Na hapa katikati, peusi, laini, panatosha kuingia njugu mawe? Hakuna kilichovunjika hapa, maana hapajawahi kuwa na chuma. Ni kiputo. Kimekuwemo tangu siku kilipomiminwa kiwandani. Kabula alikuja kwenu na ugonjwa tumboni, na nje ananawiri. Angeweza kumvunjikia hata malaika."

"Kwa hiyo siyo huyu?" aliuliza Ngeleja.

"Siyo huyu. Wala siyo barabara. Wala siyo duka la baba yake."

Bimdogo alipiga kigelegele kimoja, kikakatika kwa kilio. Gharib alikaa chini kwenye sakafu. Alitaka kulia naye, na machozi yalikuwa karibu, lakini kitu kingine kilimjia kichwani kikayazuia, akasimama tena.

"Kasoli," alisema. "Mzee Januarius, walikuja siku moja. La Kasoli na la Nyashimo ni ndugu zake."

Hawakungoja mkutano ufungwe. Land Rover iliondoka na Januarius, Gharib, na Nkinda aliyepanda nyuma kwa nguvu zake mwenyewe baada ya kukataa kubaki. Kasoli walilikuta lori limesimama mbele ya ghala, linanguruma, limejaa wanakwaya wenye sare wanaokwenda kuimba Lamadi. Dereva, Boniventura, alikuwa mguu mmoja ndani.

"Teremsha watu," alisema Gharib.

Boniventura alicheka. "Wewe wa kuangusha magari ndiye wa kunifundisha? Hili juzi tu limetoka Lamadi na samaki, halikutikisika."

"Langu nalo halikutikisika, mpaka siku ile."

Pengine wangebishana mpaka jioni. Lakini Nkinda alikuwa ameshashuka, akaja akasimama mbele ya lori, mguu wake mfupi umechomoza upande, akaegemea boneti kwa viganja viwili. Wanakwaya walimtazama, kisha mama mmoja mnene, Maximiliana, aliyekuwa kiongozi wao, akasema yeye anateremka, na wakateremka wote.

Januarius aliomba mafuta ya taa na chaki kutoka shuleni. Aliingia chini, akausugua mkono wa usukani mpaka ukawa safi, akaupaka mafuta ya taa, akangoja, akaufuta ukakauka. Kisha akaunyunyizia unga wa chaki mpaka ukawa mweupe wote. "Kama ni mzima utabaki mweupe," alisema. "Kama una ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi nje."

Walichuchumaa wote, hata wanakwaya na sare zao. Polepole, karibu na shingo ya kile kichwa cha mviringo, ulitokea mstari mwembamba mweusi ukizunguka.

Boniventura aliutazama, akakaa mavumbini, akashika kichwa. "Mama yangu alikuwa humo juu," alisema. "Mama yangu anaimba sauti ya pili."

La Nyashimo polisi walilisimamisha kwa redio siku hiyohiyo. Lilipopimwa lilikutwa zima, lakini nalo likangoja mkono mpya. Wakati wa kurudi Gharib alimuuliza Januarius swali lililokuwa likimzunguka: basi nani alaumiwe?

Januarius alipunguza mwendo. "Aliyemimina chuma kile hatumjui. Labda siku hiyo alikuwa amechoka, au mtoto wake anaumwa. Kiputo humtokea yeyote. Lakini juu yake kuna aliyelipwa kukikagua, na juu ya huyo kuna aliyekubali kukiuza hivyohivyo. Hao hawachoki, wana viti. Nitawaandikia mpaka wanijibu. Na mimi pia nimo, maana magari yaliingia wilayani kwangu nikayapokea kwa macho tu, kwa kuwa yanang'aa."

Hakuna aliyekuwa amemlazimisha kulisema hilo la mwisho, na Gharib alimheshimu kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

Walioandikiwa hawakuomba radhi. Lakini mvua zilipokaribia kuisha, lilifika Bariadi sanduku la mbao lenye mikono mipya ya usukani, imefungwa kwa karatasi ya mafuta, ya kutosha magari yote ya aina ile mkoani. Neno la pole halikuwemo. Januarius aliipima yote kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kuifunga.

Mwanhumbi nao walikuwa na aibu yao, na waliitoa kwa vitendo. Ngeleja ndiye aliyeanza: alikirudisha kile kiti amekibeba mwenyewe kichwani, mchana, watu wakiona. Kioo kikafuata, wasichana wa Mhoja wakilalamika. Wavu ulirudi una manyoya ya kuku. Jilala alileta majembe yake, akaambiwa abaki nayo. Springi nyingine ilipatikana, na kipande kwa kipande, kwa miezi, Januarius na mafundi wake wakamrudishia Kabula mwili wake, umejaa mikunjo ubavuni, lakini wake.

Siku ya kumwasha, watu walijaa pale ghalani. Mzee Athumani alikuja pia, kanzu imepigwa pasi, amekonda, ameshikwa mkono na Bimdogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu duka lifungwe. Watu walimpisha na kumpa kigoda, na Benedikta, bila kumtazama usoni, akamletea maji ya kunywa.

Ngeleja alikuwa na hotuba mfukoni, lakini hakupewa nafasi. Nkinda alijitokeza na fimbo yake. Mkononi alishika ufunguo wa Kabula, umefungiwa kipande cha kamba ya katani, kamba ileile wanayofungia ng'ombe. Kila mtu pale alielewa. Mchungaji aliyeleta ngozi, na ngozi ikaonekana haina kosa lake, mwenye mali humpa mnyama mwingine amchungie. Na anayemkabidhi kamba ni yule aliyepata hasara.

"Bwana ubani," alisema Nkinda, akamwekea kamba kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Chunga."

Hapo ndipo Gharib alipolia, mbele ya kijiji kizima na baba yake. Nkinda alimwacha amalize. Kisha akazunguka upande wa pili wa Kabula, akaufungua mlango wa mbele, akauinua mguu wake kwa mikono miwili na kuuingiza ndani kwanza.

"Juu ya magunia sipandi tena," alisema. "Washa twende, pamba inangoja."